Milima ya Faido aliyoirefusha Turner

Kuna mchoro mmoja wa rangi za maji, wa mwaka 1843, ambao mtu wa fani yangu akiutazama kwa akili za kazini lazima umkere. Upana wake haufiki nusu mita. Unaonyesha mto Ticino ukishuka kwa kasi karibu na mji mdogo wa Faido, upande wa kusini wa njia ya St. Gotthard, katika milima ya Alps nchini Uswisi. Sehemu ya mbele yote ni mawe: makubwa kwa madogo, ya kijivu, ya kahawia, mengine ya manjano iliyopauka, yametapakaa bila mpangilio, na maji yanapenya katikati yake yakiwa meupe kwa povu. Nyuma milima imepandana safu juu ya safu. Upande wa kulia barabara imebebwa na matao, imejibana kwenye mwamba, na huko huko pembeni, usipoangalia vizuri hutaliona, kuna gari dogo la farasi linakuja.

Aliyeuchora ni Joseph Mallord William Turner, mtoto wa kinyozi wa London, ambaye mwaka huo alikuwa mzee wa miaka 68. Jina la mchoro ni The Pass of Faido, na siku hizi uko New York, katika Morgan Library. Nilichokitazama mimi kwa macho ni mdogo wake, yaani sampuli aliyoitengeneza Turner kabla ya kuagizwa mchoro kamili, ambayo iko Tate Britain, jumba la sanaa hapa London. Nitaifikia.

Kazi yangu ni upimaji ardhi. Niliianza Tanzania, nikipanda vilima na mashine begani, na sasa naifanya Uingereza, zaidi mbele ya kompyuta kuliko juani. Katika kazi hii kilima kina kimo chake, basi. Ukikiongezea mita chache tu, barabara itakayopangwa juu ya ramani yako itafika mahali ielee hewani, na wewe utaitwa kwenye kikao ukajieleze. Turner hakuongeza mita chache. Kuna genge hapo Faido alilolirefusha maradufu, akaondoa miti, akavunja daraja, akazidisha safu za milima. Na hatumsingizii, kwa sababu kuna mtu alifunga safari akaenda kukagua.

Mkaguzi mwenyewe ni John Ruskin, mhakiki wa sanaa na mtetezi mkubwa wa Turner, aliyeuagiza mchoro huo akiwa kijana wa miaka 24. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mvinyo wa sherry, na fedha za kununulia michoro zilitoka kwa mzee. Agosti 1845, katika safari yake ya kwanza kuvuka kwenda Ulaya bara bila wazazi, Ruskin alikwenda Faido kupatafuta mahali aliposimama Turner. Akapaona, akaketi, akapachora palivyo, mwamba kwa mwamba. Mwaka 1856, katika juzuu ya nne ya kitabu chake, Modern Painters, alichapisha picha mbili: ya kwanza mahali palivyo, ya pili mahali alivyopafanya Turner. Ukizitazama kwa pamoja hakuna cha kubishania.

Nimesoma ripoti nyingi za ukaguzi, nyingine niliziandika mwenyewe, na chache zina subira kama hii ya Ruskin. Anaanza na genge lililo karibu. Mahali halisi kuna miti michache iliyoota kwenye mwamba, na miti hiyo inamwambia mtazamaji kwamba genge lenyewe halizidi futi 400 au 500. Turner ameifyeka, akalipa genge kimo cha futi 1,000 hivi, ili theluji na mawe yanayoporomoka kwenye mfereji wake yaonekane kuwa na nguvu ya kuua. Kisha anakwenda kwenye milima ya nyuma: ilipo safu moja, Turner ameweka tatu au nne, akaziunganisha chini ziwe ukuta mmoja unaoliinamia bonde, mpaka bonde likakaribia kuwa ufa. Miti iliyokuwa chini bondeni nayo imefyekwa. Lilikuwapo daraja jembamba karibu na mtazamaji. Wembamba wake ulikuwa unaupinga ukali wa mto, kwa hiyo Turner amelibomoa, akalijenga tena lile la mbali ambako maji yanaweza kudhaniwa kuwa yamepoa kidogo. Barabara ya kulia haikuwa juu ya matao marefu kiasi hicho. Turner ameyarefusha, akausimamisha mteremko uwe mkali zaidi, kwa kutumia kumbukumbu ya sehemu ya juu ya njia hiyo hiyo, aliyokwisha kuipita.

Ndipo Ruskin anapokiri jambo ambalo wakili mwingine wa Turner angelificha: mahali penyewe hapana ajabu. Milima si mirefu sana wala haina umbo la kusifiwa, na yale mawe ya mtoni mtu wa kawaida angeyapita bila kugeuza shingo. Turner mwenyewe, Ruskin anasimulia, aliuita mchoro huu lundo la mawe alilojaribu kulionyesha.

Sasa kwa nini ahangaike napo? Kwa sababu msafiri hafiki Faido kwa kudondoka kutoka mbinguni. Anafika akiwa ametoka juu. Asubuhi ametazamana na vilele vya St. Gotthard, mchana amepita kwenye korongo la Piottino, jembamba kuliko mengi ya Alps, ukuta wa mwamba huku na huku na mto ukinguruma chini ya magurudumu. Anapotokea kwenye uwazi wa Faido, masikio yake bado yamejaa. Mawe anayoyaona pale yanamweleza hasira ya mto aliofuatana nao kutwa nzima. Waliowahi kupanda Mlima Kitonga kwa basi wataelewa haraka. Ukishafika Ilula, wanakouza vitunguu na nyanya kando ya barabara, ardhi imetulia na hatari imekwisha, lakini utaona abiria bado wameng'ang'ania kiti cha mbele yao. Ipige picha Ilula kwa simu umtumie mtu aliye Dar es Salaam, ataona vitunguu. Hataiona ile mikono.

Turner alichora Ilula yenye mikono. Hapo ndipo ninapokubaliana na Ruskin: ramani sahihi ya mahali pale isingemwamsha mtu yeyote hisia alizokuwa nazo aliyefika kwa njia ile, kwa hiyo mchoraji ameleta milima ya kaskazini isiyoonekana, akailazimisha isimame ndani ya karatasi. Mchoro una vipimo vya siku nzima, si vya nukta moja.

Ninapoachana na Ruskin ni pale anapodai kwamba Turner hakuwa anafikiri. Kwa maelezo yake, mabadiliko yote hayo yalimjia bila kuyaita, mithili ya ndoto yenye amri, na ni mchoraji goigoi tu anayekaa kuwaza nini akisogeze wapi. Maneno matamu, lakini siyaamini. Turner alifundishwa kuchora majengo kwa rula akiwa kijana. Tangu 1807 mpaka 1837 alikuwa profesa wa Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, katika somo la kuonyesha umbali kwenye karatasi: nguzo ya pili iwe fupi kiasi gani kuliko ya kwanza, mistari ya barabara ikutane wapi, kivuli kianguke vipi. Inasemekana mihadhara yake haikusikika vizuri, alikuwa mtu wa kumung'unya maneno, lakini michoro mikubwa aliyoitengeneza kwa ajili ya darasa ilikuwa ya kuvutia hata mkutubi wa chuo hicho, Thomas Stothard, aliyekuwa kiziwi, alihudhuria kwa furaha na kueleza kwamba kulikuwa na mengi ya kutazama. Mtu wa namna hiyo, kwa miaka 30 akishika cheo cha kuwafundisha wengine vitu vinasinyaaje kwa umbali, anajua kabisa anapokata mti. Mti ndio kipimo. Ukiuondoa mti, mwamba unaweza kuwa mrefu unavyotaka, kwa kuwa hakuna tena shahidi. Huo si usingizi. Huo ni ufundi wa mtu aliyezijua kanuni, akajua na uzi gani akiukata zitafumuka.

Na miti hiyo ina historia yake, ambayo Ruskin hakuigusa. Turner aliiona Uswisi kwa mara ya kwanza mwaka 1802, akiwa na miaka 27. Waingereza walikuwa wamefungiwa kisiwani kwa vita na Ufaransa. Mkataba wa Amiens wa Machi mwaka huo uliwafungulia mlango, ukafungwa tena Mei 1803. Katika upenyo huo Turner alikwenda. Aliporudi kupitia Paris alikutana na mchoraji mwenzake, Joseph Farington, ambaye alikuwa na tabia ya kuandika kila kitu kwenye shajara. Farington akaandika: Turner amechoshwa na kutembea kwa miguu, mara nyingi amelala na kula vibaya, lakini hali ya hewa ilikuwa nzuri na ameona radi za ajabu milimani. Vipande vya miamba na magenge vimemshika moyo. Nchi ile kwa jumla anaiona inazipita Wales na hata Scotland. Ila miti ya Uswisi, anasema, haimfai mchoraji.

Miaka 40 inapita, anafika Faido, na anafyeka miti yote. Ruskin anasema ni kwa sababu miti ilipingana na roho ya mawe. Inawezekana. Mimi naona pia mzee aliyekuwa na kisa na misonobari ya Uswisi tangu ujana, akapata nafasi.

Hata kabla ya hiyo 1802, alikuwa ameshapaka rangi Alps asizoziona. Katika miaka ya 1790 kulikuwa na daktari mmoja London, Thomas Monro, aliyewakaribisha vijana nyumbani kwake jioni wanakili michoro ya John Robert Cozens, mchoraji aliyekuwa amesafiri Uswisi na Italia na wakati huo ni mgonjwa wa akili chini ya matibabu ya Monro. Walianza saa kumi na mbili jioni hadi saa nne usiku. Kijana Thomas Girtin alichora mistari, Turner akapaka kivuli, ukungu na anga. Ujira wa Turner ulikuwa shilingi tatu na peni sita kwa usiku. Kwa hiyo mkono wake uliijua hewa ya Alps kabla ya mapafu yake. Alipokuja kupanda kweli, hakupanda mtupu. Alikuwa na milima ya mtu mwingine kichwani, na sidhani kama alijaribu kuitoa.

Yapo madaftari ya safari ile ya 1802. Moja kati yake, la St. Gotthard na Mont Blanc, kurasa zake alizipaka kwanza rangi ya kijivu nyepesi, halafu akachora juu yake kwa penseli na chaki na rangi za maji, na penye theluji au povu akakwangua ile kijivu mpaka weupe wa karatasi ukatokea. Fikiria maana yake. Karatasi ya kawaida ni nyeupe, giza linaongezwa. Yeye aliiweka karatasi gizani kwanza, mwanga akauchimbua. Kwa makorongo ya pale ni busara tupu, kwani chini kabisa ya korongo mwanga ni kitu kinachotafutwa.

Humo ndimo alimolichora Daraja la Shetani kwenye korongo la Schöllenen, ambako mto Reuss unashuka upande wa kaskazini wa Gotthard. Mwaka 1799, miaka mitatu tu kabla, jeshi la Warusi chini ya Suvorov lilipigana na Wafaransa pale pale. Wenyeji wana kisa chao: daraja alilijenga Shetani kwa sharti la kupewa roho ya wa kwanza kulivuka, wakamvusha mbuzi. Shetani akakasirika, akabeba jiwe aje kulibomoa, akashindwa, jiwe likabaki huko bondeni. Jiwe lipo, lina tani kama 220. Katika miaka ya 1970 barabara kuu mpya ilitaka kupita lilipo, na wahandisi wa Uswisi wakalisogeza mita 127 kwa gharama ya faranga 300,000 hivi. Ninalipenda sana tukio hili. Watu wa vipimo, wenye bajeti na mikataba, wamefanya hadharani jambo analolaumiwa Turner.

Tena Turner hakuwa wa kwanza wala wa peke yake. Mchungaji William Gilpin, aliyewafundisha Waingereza wa karne ya 18 kutalii wakitafuta mandhari za kuchoreka, alipoliona gofu la abasia ya Tintern, makao ya zamani ya watawa, aliona kuta zake za pembetatu zimenyooka mno, akapendekeza kwamba nyundo ikitumiwa kwa busara ingesaidia. Kule Ujerumani, Caspar David Friedrich alikuwa mtu wa penseli kali na tarehe sahihi; mwamba aliouchora kwa makini tarehe 3 Juni 1813 huko Saxony ndio aliokuja kumsimamisha juu yake yule mtu wa koti la kijani kilichokoza anayetazama bahari ya ukungu, miaka mitano hivi baadaye, akizungukwa na vilele vilivyokusanywa kutoka sehemu mbalimbali za milima hiyo. Enzi ile ya Ulimbwende (Romanticism), tunayoikumbuka kwa kuabudu maumbile ya porini, ilikuwa pia enzi ya kuyapanga upya maumbile nyumbani, kwenye meza, karibu na moto.

Turner alikuwa na kanuni yake kuhusu nje na ndani. Mwaka 1819 akiwa Naples, alipohimizwa apake rangi akiwa nje, alijibu kwamba huo ni upotevu wa muda, kwani kwa muda wa mchoro mmoja wa rangi anaweza kufanya 15 au 16 ya penseli. Nje alikusanya; nyumbani alitenda. Mtoto wa rafiki yake Walter Fawkes alisimulia jinsi mwaka 1810, radi ilipokuwa ikipasuka juu ya vilima vya Yorkshire, Turner alivyosimama akiichora nyuma ya karatasi ya barua, kisha akamwambia kijana kwamba baada ya miaka miwili utaiona tena, na utaiita Hannibal akivuka Alps. Mwaka 1812 picha hiyo ikaonyeshwa London: jeshi la Hannibal, jemadari wa kale wa Carthage, chini ya dhoruba iliyozaliwa Yorkshire. Kwa hiyo aliyeshangaa Faido imechukua miamba ya kilomita chache tu juu yake alikuwa hajamfahamu vizuri. Kwa viwango vya Turner, Faido ni mchoro mwaminifu.

Niseme kidogo kuhusu fedha, kwa sababu watu wanaoandika juu ya sanaa huzipita haraka. Michoro hii ya Uswisi ya miaka ya 1840 ilikuwa biashara, na haikwenda vizuri. Mwaka 1842 Turner alimpelekea dalali wake, Thomas Griffith, sampuli 15 pamoja na michoro minne iliyokamilika, akitaka wateja waagize kumi. Yeye alitaka gini 100 kwa kila mmoja, gini moja ikiwa shilingi 21 za Kiingereza. Griffith akamshauri gini 80. Dalali alimwambia pia kwamba kazi hizi hazifanani na mtindo wake wa kawaida, jambo ambalo mzee hakulifurahia. Wateja walipatikana kwa tabu, na mwaka uliofuata walikuwa wachache zaidi: Ruskin, na Munro wa Novar, tajiri wa Scotland. Mandhari ya kutisha haikuwa tena na soko kama zamani. Sababu mojawapo, nadhani, ni ile barabara.

Barabara ya Gotthard ya magari ya farasi ilikamilika mwaka 1830. Kabla yake ulikuwa unapanda kwa miguu au kwa nyumbu, na hofu ilikuwa sehemu ya nauli. Baada yake, mtu wa London angeweza kupitishwa kwenye magenge yale yale akiwa ameketi na blanketi magotini. Turner wa 1802 alitembea akalalamika. Turner wa 1842 alipanda gari. Ndiyo maana lile gari dogo la farasi kwenye Faido lina uzito kwangu kuliko milima. Ameondoa kila kitu kinachoonyesha udogo wa mahali: miti, daraja, ule uwazi wa bonde. Gari ameliacha. Lingekuwa la kwanza kutupwa na mtu aliyetaka pori tupu lisilo na binadamu.

Alikuwa anayajua magari hayo. Januari 1820, akirudi kutoka Italia, gari lake lilipinduka juu ya mlima Mont Cenis. Milango ilikuwa imeganda kwa barafu, abiria wakatokea dirishani, kiongozi wa njia na mtunza barabara wakaanza kupigana ngumi, dereva akaandikiwa mashtaka akatiwa ndani, na Turner na wenzake wakashuka mlima mzima theluji ikiwafika magotini. Alilisimulia mwenyewe kwenye barua kwa rafiki miaka sita baadaye, na unasikia kabisa kwamba alikuwa anafurahi. Miaka tisa baada ya hilo akakwama tena kwenye theluji, safari hii mlima Tarare huko Ufaransa, na akauchora mkasa huo: abiria wamekaa theluji wakiota moto. Kwa hiyo kigari cha Faido si pambo. Ndani yake kuna abiria wa namna ileile, na yote tunayoyaona kwenye karatasi, futi 1,000 za genge na safu nne za milima, ndivyo dunia inavyokuwa ukiitazama kupitia dirisha la chombo ambacho kimewahi kukupindua.

Mimi Faido nimepapita, tena kwa bahati. Siku hizi treni za kwenda Lugano na Milan hazipandi mlima. Zinaingia kwenye handaki la kilomita 57 lililofunguliwa Juni 2016, zinatokea upande wa pili bila abiria kuona jiwe lolote. Faido ipo humo chini pia, kama kituo cha dharura ndani ya mwamba. Tarehe 10 Agosti 2023 treni ya mizigo ilitoka relini ndani ya handaki hilo, na kwa muda mrefu treni za abiria zikarudishwa kwenye reli ya zamani, ile inayopita handaki la 1882 na kushuka kwa kuzunguka ndani ya miamba kwenye korongo la Piottino ili isiteremke ghafla mno. Safari iliongezeka kama saa moja, watu walinung'unika. Mimi nilihamia upande wenye dirisha zuri.

Ruskin alisema kweli: si mahali pa kukushangaza. Barabara kuu ya magari imepita juu ya nguzo. Maji ya Ticino yamepungua, kwa sababu mengi yanapelekwa kwenye mitambo ya umeme. Na miti! Kila mteremko umejaa miti, mpaka nikacheka peke yangu nikadhaniwa kichaa na mama aliyekuwa amekaa mbele yangu. Lakini kabla ya hapo treni ilikuwa imetuzungusha gizani, ikatutoa, ikatuingiza tena, kanisa la kijiji likawa kulia kisha likawa kushoto, na nilipotazama kile kipande cha mto chenye mawe nilikuwa tayari nimeshika meza kwa mikono miwili. Niliyakadiria magenge kwa jicho la kazini: mita 150, labda. Sikuyaamini makadirio yangu.

Ile sampuli ya Tate ni karatasi inayokaribia ukubwa wa A4. Ipo sehemu ya rundo kubwa la kazi alizoliachia taifa Turner, michoro ya karatasi ikiwa zaidi ya 30,000, na anayetaka kuitazama kwa karibu huomba miadi kwenye chumba cha michoro. Penseli inaruhusiwa, kalamu ya wino hapana. Ukiwekewa mbele yako, kwanza unaona jinsi alivyokuwa na haraka. Rangi imemwagwa ikiwa majimaji, ikaachwa itafute njia yake, halafu mistari ya kalamu ikapita juu kuyapa mawe kingo. Watu waliomwona akifanya kazi walisema alikwangua hata kwa ukucha wa kidole gumba, aliouacha ukakua kwa makusudi.

Ukienda, omba na daftari la 1802 siku hiyo hiyo, na waombe wakuwekee viwili hivyo sambamba. Anza na la zamani. Tazama kurasa za kijivu za Daraja la Shetani, jinsi kijana anavyouheshimu kila ufa wa mwamba, halafu hamia kwenye mawe ya mzee. Nenda asubuhi, chumba kikiwa na nafasi.